Mkono wa Fundi Chipukizi: Siku Tatu za Malaba na Busia

Sisi watu wa Mombasa hupenda kusema kwamba bandari ni yetu, lakini ni wachache miongoni mwetu wajuao mizigo ishukayo Kilindini huishia wapi. Twaiona mchana kutwa ikipita Changamwe juu ya matrela, twaipisha njia, twala vumbi lake, basi. Hivi karibuni nilijaaliwa kuifuata njia hiyo mpaka ukingoni mwa Kenya, na sababu yenyewe ilikuwa ndogo mno: mstari mmoja wa shairi.

Mpwa wangu ni dereva wa trela baina ya Mombasa na Kampala. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, alinijia nyumbani, akanywa kahawa, kisha akasema, "Mjomba, gari langu ni bubu. Wenzangu wote wana maneno nyuma ya gari, mimi sina. Nitungie." Nikamtungia palepale, juu ya karatasi iliyofungiwa halua: Mzigo una wenyewe, safari hii ni yangu. Akaihesabu mizani kwa vidole, maana ametoka katika nyumba ya watunzi ingawa yeye mwenyewe hatungi, akaridhika. Nikamwambia ampelekee fundi wa rangi pale Kongowea. Akatikisa kichwa. Yeye huandikisha Malaba tu, kwa kijana mmoja mwenye mkono mzuri.

Maneno hayo, "mkono mzuri", yalinikaa. Sisi tuliosoma vyuoni twajua uzito wake. Nikafunga kikapu changu, nikapanda gari.

Asiyewahi kufika Malaba na afikirie Kilindini iliyonyoshwa ikawa mstari mmoja. Matrela yamesimama moja nyuma ya jingine, madereva wamejinyoosha juu ya mikeka vivulini mwa magari yao, tanboi wanachemsha chai kwa majiko ya mkaa, na Kiswahili usikiacho hapo ni cha Kisauni, cha Kampala na cha Bukavu, vyote katika sentensi moja. Tangu maofisa wa nchi mbili walipoanza kufanya kazi chini ya dari moja, mambo yamekuwa mepesi kuliko zamani. Kituo cha namna hiyo cha Busia, kusini ya Malaba, kilifunguliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda mwezi wa Februari 2018. Hata hivyo foleni ni foleni. Yetu ilitupa siku tatu, nami nikamshukuru Mola kwa siku hizo.

Huku mpakani ndiko lilikozaliwa neno boda boda. Katika miaka ya 1960 baina ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha ardhi ambacho mtu alilazimika kukivuka kwa miguu, mzigo kichwani. Vijana wenye baiskeli wakafunga mto juu ya keria, wakawa wanawavusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Leo baiskeli zimekuwa chache. Pikipiki zimechukua mahali pake, hasa baada ya mwaka 2008 Serikali ya Kenya ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani. Lakini kilichonivutia mimi katika habari hizo si usafiri, ni mapambo. Wazee wa pale waliniambia kuwa baiskeli ya boda boda ya siku zile haikutembea uchi. Ilikuwa na shada kwenye usukani, mto wa rangi mbili, na madigadi iliyopigwa mistari miembamba kama wanja. Abiria humchagua mwenye baiskeli nadhifu. Kwa hiyo mistari ile ilitaka mtu wa kuipiga, na mafundi wa rangi wa mji huu wakapata riziki yao hapo.

Fundi tuliyemfuata ni kijana asiyezidi miaka ishirini na mbili, Mwislamu wa upande wa Mumias, na karakana yake ni mwembe. Chini ya mwembe pana makopo ya rangi, brashi zilizolowekwa katika mafuta ya taa, msasa, na uzi uliopakwa chaki wa kupigia mstari. Alinipokea kwa mikono miwili, akaniita Ustadh kwa kuwa ndivyo mpwa wangu alivyonitambulisha, nami sikumkanya. Akausoma mstari wangu mara mbili. Kisha akauliza, "Ustadh, niuandike kwa hati ya nani?"

"Ya nani vipi?"

Akatoa daftari la shule lililolika pembe. Akanifunulia kurasa moja moja. Hii ni hati ya fundi wake aliyemfundisha. Hii ya benki. Hii ya kampuni ya soda. Hii ya matatu za Nairobi. Hii ameinakili kutoka katika kompyuta ya duka la kupiga chapa. Kila moja ameipata barabara, hata ukiiweka kando ya asili yake huwezi kuzitenga. Nikastaajabu kwa mkono ule.

"Na yako ni ipi?" nikamuuliza.

Akalifunga daftari.

Mpwa wangu, ambaye hapendi kimya, ndiye aliyenieleza. Kijana huyu, mbali na maandishi, huchora picha za kuuza: tembo, chui, ndege wenye macho makubwa, kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi. (Suala la kuchora wenye roho nawaachia wanavyuoni, mimi hapa nasimulia niliyoyakuta.) Siku moja alipita bwana mmoja mwenye duka la picha huko Nairobi, akazitazama zote kumi, akasema, "Kazi safi, kijana, lakini picha hii nimeshaiona kwa watu mia. Wewe huna mtindo wako." Akaenda zake na gari lake. Tangu siku hiyo kijana hajachora picha hata moja.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Madrasa moja ya Busia imejenga ukuta mpya upande wa barabara, na kamati imempa kijana huyu kazi ya kuuandika: jina la madrasa kwa herufi za Kiarabu na za Kizungu, na mapambo kuuzunguka mlango. Wamemwambia, fanya uonavyo wewe. Wiki mbili alikuwa amekwenda mara nne, akapiga mistari ya chaki, akafuta. Na huku nyuma duka la kupiga chapa limekwisha pendekeza kwa kamati bango la plastiki, la siku moja tu na la bei nafuu. Wazee wa kamati wamempa muda mpaka Ijumaa.

"Bango hilo likikubaliwa," akaniambia mwenyewe kwa sauti ya chini, "basi na duka la pembeni litalitaka, na hoteli nayo. Mimi nitanunua pikipiki kwa mkopo, Ustadh, niwabebe watu."

Nilikaa juu ya gogo, nikaomba chai. Sikutaka kumjibu upesi, maana jambo hilo mimi mwenyewe liliniumiza zamani.

Nilianza na yale ninayoyajua zaidi. Nikamweleza namna nilivyofundishwa kuandika nikiwa na miaka sita. Maalimu wetu alikuwa akiandika herufi juu ya ubao kwa wino hafifu, nasi tukipita juu yake kwa kalamu ya unyasi na wino wa masizi. Kufuatisha tu. Ukitoka nje ya mstari wake, henzarani. Mwaka mzima hukuandika herufi yako, uliandika yake. Na alif ya maalimu wetu ilikuwa ikiinama kidogo upande wa kushoto, kwa sababu bega lake lilikuwa bovu tangu utotoni. Sisi watoto hatukujua habari za bega. Tulidhani alif ndivyo ilivyo. Mpaka leo, nikiona barua ya mzee fulani wa Mji wa Kale yenye alif iliyoinama, najua kwamba yeye na mimi tulikalia jamvi moja.

Nilipokwenda kwa mwalimu wa pili alinyosha alif yangu kwa miezi minane. Ikanyoka. Lakini nilipokuwa mtu mzima nikaona kuwa waw yangu ina mkia mrefu ambao hakuna aliyenifundisha. Sijui ulitoka wapi. Sikuutafuta. Mwalimu wa pili alipouona hakuukosoa, alicheka tu.

Kijana akauliza kama basi wakubwa wa hati nao walianza kwa kunakili. Swali hilo lilinifurahisha, maana habari za wakubwa wale ni tamu. Nikamsimulia juu ya Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyekufa mwaka 940, mtu aliyeziwekea herufi vipimo kwa nukta za kalamu, kisha siasa ikamkata mkono wa kulia. Nikamsimulia juu ya Yaqut al-Musta'simi, aliyekufa mwaka 1298. Husimuliwa kwamba Wamongoli walipouingia Baghdad mwaka 1258, watu wakiuawa na vitabu vikiteketea, Yaqut alipanda juu ya mnara wa msikiti akajificha, na kwa kuwa hakuwa na karatasi akafanya mazoezi yake ya siku hiyo juu ya kitambaa. Huyu alifuata vipimo vilevile vya Ibn Muqla. Alichokibadilisha ni kidogo ukikisikia: aliikata ncha ya kalamu kwa mshazari zaidi. Basi. Lakini kwa mkato ule mistari minene ikanenepa na myembamba ikakonda, na kwa miaka mia mbili na zaidi aliyeandika vizuri alikuwa anaandika kama Yaqut.

Ndipo likaja taabu lilelile la kijana wa Malaba, ila sasa lilimfika Sheikh Hamdullah wa Amasya. Alikuwa hodari wa kumnakili Yaqut. Sultani Bayezid wa Pili, aliyetawala Istanbul tangu 1481 hadi 1512 na ambaye alikuwa mwanafunzi wake, akamtolea kutoka hazina kazi bora za Yaqut, akamtaka azitazame na kuona kama hapawezi kupatikana njia nyingine. Yasemekana Sheikh alijitenga siku arobaini. Hakuzitupa zile kazi za Yaqut akaanza upya, la. Alizitandika mbele yake, akazichagua: herufi hii nzuri zaidi katika ukurasa huu, ile katika ukurasa ule, akaziunganisha zile zilizokubaliana na mkono wake, nyingine akaziacha. Alipotoka alikuwa na hati yake, na Waturuki wakaifuata hiyo kwa karne nyingi. Alikufa mwaka 1520.

"Siku arobaini," akasema kijana, "mimi nina siku nne."

Tulicheka sote. Lakini neno lake lilikuwa la kweli, na mimi sikutaka kumdanganya kwamba mtindo hupatikana kwa siku nne.

Jioni, wakati akipaka rangi ya kwanza kwenye mlango wa trela, nilimsimulia aibu yangu. Nilipokuwa na miaka ishirini nilikuwa nimelewa Muyaka bin Haji, yule malenga wa Mombasa aliyeishi zama za Mazrui na kufariki mnamo 1840. Nilikuwa na Diwani yake, ile iliyochapishwa mwaka 1940, nimeisoma mpaka gamba likang'oka. Nikatunga kama yeye: maneno yake, vijembe vyake, hata maadui zake! Nikapeleka kwenye gazeti, nikachapishwa, nikatembea mjini shingo juu. Mzee mmoja, mtunzi wa haki, akanisimamisha barazani. Akaniambia, "Mwanangu, shairi lako nimelisoma. Huyo uliyemuandika amekufa miaka mia na hamsini. Wewe uko wapi?" Watu wa barazani wakacheka. Nilikasirika mwezi mzima.

Nikafanya kosa la pili, ambalo naliona kwa vijana wengi wa leo. Nikasema, kumbe kinachotakiwa ni ugeni! Nikaacha vina, nikaacha mizani, nikaandika mambo ambayo hata mimi sikuyafahamu. Wakati huo wale wa bara walikuwa wamekwisha kutuletea mashairi yasiyofungwa na vina, na sisi wa pwani tukigombana nao. Sitaki kuufufua ugomvi huo. Ila niseme hivi: Kezilahabi, alipotoa Kichomi mwaka 1974, alikuwa anajua anachokiacha na kwa nini anakiacha. Mimi nilikuwa ninakimbia tu. Aliyekimbia nyumba ya baba yake usiku hawezi kusema amejenga.

Sauti yangu, kama ninayo, ilinijia kwa njia ambayo nisingemuombea mtu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama, wakafa watu 272. Miongoni mwao alikuwamo rafiki yangu niliyesoma naye chuoni. Watu wakaniambia, wewe ni mtunzi, tutungie. Nikakaa na kalamu usiku mzima. Nikajaribu maneno makubwa ya maombolezo ya kale, yakawa juu ya kifo kile kama kanzu ya kuazima, mikono inapwaya. Nikajaribu ule ugeni wangu, nikaona haya. Alfajiri nikaandika nilichokiona kwa macho yangu pale ufukweni: ndara, moja moja, bila ya mwenziwe. Nikakiandika kwa maneno ya jikoni mwa mama yangu, na vina vikaja vyenyewe, kwa kuwa mkono ulikwisha zoea vina. Yule mzee wa barazani alikuwa hai bado. Hakunisifu. Alilinakili shairi lile kwa mkono wake, akaliweka ndani ya msahafu wake.

Kijana alikuwa ameacha kupaka rangi. Akaniuliza, "Kwa hiyo ule unakili wa Muyaka ulikuwa hasara?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia la, haukuwa hasara, vina vile nilivyopata alfajiri ile nisingevipata bila ya Muyaka. Lakini nikamwambia pia kwamba bwana wa Nairobi hakukosea. Alikuwa na adabu mbaya, hakukosea.

Maana zile picha za tembo na ndege wenye macho makubwa, msomaji, wewe na mimi twazijua ni za nani. Ni za Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanganyika mwaka 1932, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na shule ya uchoraji wala fedha za rangi za wachoraji. Alichukua rangi ya baiskeli, ile ya kopo, na kipande cha hadibodi. Rangi ya baiskeli haichanganyiki taratibu kama rangi za Wazungu, hung'aa na kukauka wazi wazi, kwa hiyo picha zake zikawa na rangi bapa, mpaka mkali, na mng'ao. Yaani ufukara wake ndio uliomsaidia kumpa mtindo. Miaka minne tu alifanya kazi hiyo. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mwizi. Jamaa zake na wanafunzi wake wakaendeleza, na leo mtindo umekuwa jina, na jina limekuwa soko, kutoka Zanzibar mpaka kwenye maduka ya wageni Nairobi. Wapo katika wafuasi wake walioongeza chao. Wapo wengi zaidi ambao huchora tembo wa Tingatinga kama mtu anayepiga mhuri. Siwalaumu, watoto wao hula. Lakini nilimwambia kijana hivi: Tingatinga alichukua rangi ya baiskeli kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu naye. Wewe unaishi katika mji wa baiskeli, umepiga mistari ya madigadi tangu una miaka kumi na miwili, na ukitaka kuchora unakwenda kuazima tembo wa Dar es Salaam.

Akanyamaza. Baadaye akasema, "Madigadi si sanaa, Ustadh. Ni kazi."

Siku ya pili foleni haikusogea hata hatua. Kijana akasema kuna mahali anataka nipaone. Tukapanda pikipiki, sisi wawili nyuma ya mwenyewe, tukaelekea kaskazini upande wa Kolanya, hadi vilima vya Chelelemuk, mahali paitwapo Kakapel. Huko pana mwamba mkubwa uliojiinamia ukafanya kivuli kama paa la baraza, na chini ya paa hilo pana michoro ya watu wa kale. Pako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Sikutazamia nilichokiona. Michoro ni myekundu na myeupe, na imepandiana. Wataalamu wanaona tabaka tatu za mikono. Wa kwanza ni wawindaji wa kale, wanaodhaniwa kuwa Watwa, waliochora maumbo ya duara na mistari. Wakaja wafugaji, wakachora ng'ombe. Wakaja wengine tena na alama zao. Kati yao ni karne nyingi. Wachimbaji wamepata mahali hapo mbegu ya kunde iliyoungua ambayo umri wake ni miaka 2,300, na habari zake zilitangazwa mwaka 2024. Kunde, msomaji, hizi hizi tuzipikazo kwa nazi.

Nilikaa chini ya mwamba ule muda mrefu. Yule mwenye ng'ombe alizikuta duara za wa kwanza. Mwamba ni mmoja, udongo mwekundu ni uleule. Angeweza kuchora duara, kwa kuwa ndicho kilichokuwapo na pengine watu walikiheshimu. Angeweza kuzikwangua. Hakufanya hili wala lile. Alichora kile alichokuwa nacho, ng'ombe, papo hapo karibu na duara, mahali pengine juu yake.

Nikaikumbuka takhmisi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alilichukua shairi la Liyongo, lililokuwa la zamani hata kwake, na kila penye mishororo miwili ya Liyongo akatanguliza mitatu yake. Liyongo hakuguswa. Na Sayyid Abdalla yumo ndani yake wazi wazi, humkosi, kwa sababu mitatu ile lazima ishike kina cha mwenyewe na bado iseme maneno ya mtu mwingine. Nilimweleza kijana hayo huku tumeketi kwenye jiwe, nikamueleza na namna vina vinavyokwenda, akasikiliza. Sijui alichukua kiasi gani. Alikuwa akiutazama mwamba.

Pembeni, chini chini, palibaki alama za watu waliopita siku za karibuni. Wapitaji kama hao huandika majina yao na tarehe, basi. Kijana akapagusa kwa kidole akasema, "Hawa nao walitaka kujulikana."

Siku ya tatu tukaenda Busia. Ukuta wa madrasa ni mweupe, mrefu kama chombo cha dau, unaelekea barabara. Watoto walikuwa ndani wakisoma kwa sauti, ile sauti ambayo nadhani ni moja kutoka Lamu mpaka Kampala. Mjumbe mmoja wa kamati, mzee mpole, alitupokea, akatuambia kwa upole huohuo kwamba wa bango la plastiki amekwisha piga simu tena.

Kijana hakusema kitu. Alipiga uzi wa chaki, mistari miwili ya juu na ya chini. Akafungua daftari lake kwenye ukurasa aliounakili kutoka kalenda, hati ya Kiarabu nzuri sana. Akaandika jina la madrasa kwa chaki kama lilivyo katika kalenda, nukta kwa nukta. Akarudi nyuma hatua kumi. Akafuta kwa kitambaa. Akaandika tena. Mara ya tatu hakulitazama daftari. Mkono ulikuwa umekwisha kulijua jina. Alipofika kwenye ya ya mwisho, ile irudiyo nyuma chini ya neno, aliivuta kwa pumzi moja, mkono umenyooka, mwili mzima ukizunguka pamoja na mkono, na mkia ule ukapita chini ya jina lote, mwembamba, ukinenepa taratibu, kisha ukakonda tena na kuishia kama unywele.

Nilimuona mpwa wangu akifungua kinywa. Hata yeye aliitambua. Ilikuwa mistari ya madigadi.

Kijana alisimama akaitazama. Uso wake haukuwa na furaha, ulikuwa na wasiwasi. Akanigeukia: "Nimekosea, Ustadh? Katika kalenda haiko hivi. Nifute?"

Ukinihukumu kwa vipimo vya Ibn Muqla, ilikuwa na kosa. Shingo ya ya ilikuwa fupi kwa nukta moja. Nikamwonyesha pale, nikamwambia airekebishe shingo. Juu ya mkia sikusema neno. Nilikumbuka mwalimu wangu wa pili.

Mzee wa kamati akawa ametoka tena, safari hii na wenziwe wawili, wamesimama upande wa pili wa barabara, mikono nyuma, wakitazama. Hapo simu ya mpwa wangu ikalia: foleni imesogea, na gari letu limezuia wengine. Tukaagana mbio mbio. Yeye akavuka mpaka kwenda Kampala, mimi nikapanda basi la usiku kurudi kwetu.

Ijumaa ilipita, sikupata habari. Jumatano iliyofuata mpwa wangu akarudi, nikaenda kumlaki Changamwe. Aliegesha trela, akanipeleka nyuma yake bila ya kusema kitu. Mstari wangu uko mlangoni, kwa rangi ya manjano na kivuli chekundu, kwa hati ambayo haimo katika daftari lile. Alipita Malaba wakati wa kurudi, kijana akamwambia asimamishe gari nusu saa, akaufuta ule alioupiga mwanzo, akauandika upya, hakutaka malipo. Mkia wa g katika neno la mwisho umevutwa mpaka chini ya neno la kwanza.

"Na ukuta?" nikauliza.

Mpwa wangu akatoa simu yake mfukoni, akaanza kuitafuta picha.